Bikira wa Tarehe Kumi na Tano

Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023. Asubuhi hiyo cierzo, upepo mkali wa mji wa Zaragoza, uliamka kabla ya watu. Uligonga madirisha ya mtaa wa Delicias, ukang'oa nguo kwenye kamba, na mbingu ilikuwa safi kabisa, yenye baridi ya kukata masikio.

Katika jengo moja lisilo na lifti, ghorofa ya nne, Ninoska Rugama alikuwa amepiga magoti jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Mbele yake, juu ya meza, lilikuwa kasha la Bikira Maria na mshumaa uliobaki nusu kidole.

Kasha hilo la mbao lilikuwa na milango miwili midogo, Bikira akiwa amesimama ndani, na lilizunguka nyumba thelathini za mtaa huo, kila siku nyumba moja. Lililala usiku mmoja, likawashiwa mshumaa, watu wakasali mbele yake, na saa tatu asubuhi likabebwa kwa mikono kupelekwa kwa jirani. Halikuachwa mlangoni hata siku moja. Nyuma yake ilibandikwa orodha ya majina. Tarehe kumi na tatu, Bi Visi wa ghorofa ya pili. Tarehe kumi na nne, Bi Presen wa ghorofa ya nne. Tarehe kumi na tano, Bi Eulalia wa ghorofa ya tatu.

Bi Presen alikuwa amezikwa Jumamosi. Kwa karibu miaka mitatu Ninoska ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, huku yeye mwenyewe akilala kwenye kichumba kilichokuwa cha kuanikia nguo. Alikuwa ameshika mkono wake alfajiri ya Alhamisi alipokata roho. Na Jumatatu, Fermín, mtoto pekee wa marehemu, alisimama kwenye ujia bila hata kuvua koti.

"Ninoska, mama ameshakwenda. Nakushukuru kwa yote, kweli nakushukuru. Lakini mnunuzi amepatikana na anataka nyumba tupu. Pasiwe na mtu, pasiwe na vitu, na lisiwepo jina la mtu kwenye daftari la wakazi la manispaa."

"Bwana Fermín, nipe mpaka Februari. Tarehe ishirini Februari natimiza miaka mitatu."

"Ningekuwa nayo Februari ningekupa. Jumatano saa sita nakuja na fundi wa kufuli."

Miaka mitatu yenye anwani, bila kukatika, ndipo mgeni anaruhusiwa kuomba karatasi za kuishi nchini kihalali. Ninoska aliihesabu siku kwa siku, kama mfungwa. Bila karatasi hizo, akitoka kwenda kwao Estelí, ng'ambo ya bahari, kumwona mwanawe, asingerudi tena. Yaritza alikuwa na miaka sita alipomwacha. Sasa alikuwa na tisa, na kila Jumapili alisogeza mdomo karibu na simu amwonyeshe mama meno mapya.

Kuhamisha anwani ndani ya mji ni karatasi moja tu, ila lazima mwenye nyumba atie saini. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wa Ninoska, imekunjwa mara nne, na mstari wa saini ulikuwa mweupe. Alimpigia Damaris, Mnikaragua mwenzake.

"Shoga, kitanda kipo, tutabanana," Damaris alimwambia. "Anwani hakuna. Mwenye nyumba akisikia tu neno manispaa anatutoa wote wanane."

Alikwenda parokiani, akaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Alikwenda kwa binamu wa Bi Presen, akaambiwa kupitia simu ya mlangoni kwamba bibi amelala, saa tano asubuhi. Alisali. Alifunga kula siku mbili. Mbingu ilikaa kimya kama mlango ule wa binamu.

Alfajiri hiyo, akiwa amechoka mpaka maneno ya sala yanamponyoka, wazo lilimjia. Nani atathubutu kufunga nyumba ambayo Bikira yumo ndani? Aliinuka, akaenda mlangoni, akasukuma komeo la juu na la chini, akatia mnyororo. Kisha akarudi kupiga magoti, na moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Saa tatu ilipita. Saa tatu na robo mlango uligongwa.

"Ninoska! Mwanangu, umelala?" Ilikuwa sauti ya Bi Visi, mwangalizi wa kasha, mjane ambaye hakuna barua iliyopita kwenye ngazi zile bila yeye kujua imetoka wapi. "Eulalia anamsubiri Mama."

"Sijalala, Bi Visi."

"Basi fungua."

"Sifungui."

Upepo ulipiga mluzi kwenye ngazi.

"Unasemaje wewe?"

"Bikira anabaki hapa mpaka nipate mtu wa kunitilia saini ya anwani. Ni miezi mitatu na siku tano tu, Bi Visi."

"Toba! Unamteka Mama wa Mungu?"

"Simteki. Namwomba akae."

"Unamwomba huku umetia komeo!" Bi Visi alipiga mlango kwa kiganja. "Miaka arobaini kasha hili linazunguka. Wakati wa korona tulilipitisha kwa glavu, tukalipulizia dawa mpaka Mama wa watu akanuka hospitali. Halijachelewa hata saa moja!"

"Leo limechelewa."

"Una kichwa kigumu kama Presen mwenyewe."

Ninoska alisogea mpaka mdomo wake ukagusa mbao za mlango. "Bi Visi, wewe una vyumba vitatu."

Alisikia tu pumzi nzito ya mtu aliyepanda ngazi.

"Wanangu hawatakubali," Bi Visi alisema. "Wanasema mgeni akishaandikwa hatoki."

"Mimi nimekupandishia maji na viazi mara ngapi?"

"Usinitie aibu kupitia tundu la ufunguo!"

Majirani wakaanza kukusanyika. Ninoska alisikia ndara zao, mmoja mmoja, na minong'ono. Mmoja alisema aitwe padri, mwingine akasema waitwe polisi. Alipofika Bi Eulalia, kila mtu alijua, maana alikuwa mzito wa kusikia na aliongea kwa sauti ya kuamsha jengo zima.

"ANASEMAJE? MBONA HAFUNGUI?"

"Anataka anwani!" Bi Visi alimpigia kelele sikioni.

"ANATAKA NINI?"

"Anwani!"

"MWAMBIENI BLAS ANAPASULIWA MOYO LEO! GARI LINAKUJA SAA TANO NA NUSU!"

Ninoska alishika ukuta. Alijua mzee Blas, mume wa Bi Eulalia, anaumwa moyo. Hakujua kuwa ni leo. Siku sita hizi hakuwa amejua jambo la mtu yeyote isipokuwa lake. Aliweka paji la uso mlangoni. Mkono ulikwenda kwenye komeo, ukarudi. Akifungua, hana tena cha kushika duniani. Alijiambia, dakika kumi tu. Huenda katika dakika kumi mmoja wao atasema ndiyo.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Saa tano kasorobo hazikusikika ndara, zilisikika buti. Fermín alikuwa amewahi, na fundi wake nyuma.

"Pisheni, pisheni jamani. Ninoska, saa imefika. Fungua kwa heri."

Ninoska aliegemeza mgongo mlangoni.

"Toboa," Fermín alimwambia fundi.

"Bosi, ndani kuna nini?" fundi aliuliza. "Hawa kina mama mbona wameshika rozari?"

"Kuna mtu na sanamu."

"Sanamu ni wewe!" Bi Visi alifoka. "Nilikubadilisha nepi wewe, halafu unaniitia Bikira sanamu?"

Kitu kizito kiliwekwa chini, chuma juu ya sakafu. "Basi mimi sitoboi," fundi alisema. "Kwetu Calatayud mama yangu ana kasha kama hili. Akisikia nimetoboa mlango wa Bikira, nitakula wapi Jumapili? Akishatoka Bikira, nitakubadilishia kufuli hata saba."

Kwa muda mfupi Ninoska aliona kwamba imewezekana. Makomeo mawili na mnyororo na Mama wa Mungu, na wanaume wawili nje wamekwama. Angeweza kukaa hivi mpaka jioni, mpaka kesho.

Ndipo Bi Eulalia akaongea tena. Sauti ilikuwa ndogo, ikatoka chini kabisa karibu na kizingiti, kana kwamba amechutama.

"Ninoska. Blas anaogopa. Miaka hamsini na moja sijamwona akiogopa. Amekaa kitandani na viatu vyake, anauliza kama Bikira amefika. Nimemwambia yuko njiani."

Ninoska aligeuka kulitazama kasha. Rangi ya kidevu cha Bikira ilikuwa imebanduka zamani, na mwanga wa mshumaa uliingia pale penye ubao mtupu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nimekufanya kufuli."

Alizima mshumaa. Akatoa mnyororo, komeo la chini, komeo la juu, akalibeba kasha kifuani na kufungua. Walisimama kumi au zaidi kwenye ngazi, na hakuna aliyemgusa. Alipita mbele ya Fermín bila kumtazama, akashuka, na nyuma yake akasikia buti zikiingia ndani.

Mzee Blas alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti juu ya pajama, viatu vyeusi vimefungwa kamba vizuri. Ninoska aliweka kasha kwenye kabati dogo la kando na kufungua milango yake miwili. Mzee alifanya ishara ya msalaba. Alimtazama Bikira, kisha akamtazama Ninoska.

"Umechelewa."

"Ndiyo, mzee. Kosa ni langu."

"Presen alipokwenda, kulikuwa na mtu karibu?"

"Mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilimshika mkono nikasali mpaka ukapoa. Nikaendelea kusali."

"Aliogopa?"

Angeweza kudanganya. Alijua angeshukuriwa. "Mwanzoni aliogopa," alisema. "Baadaye hakuogopa tena."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona ni sahihi. Walisali fungu moja la rozari, mzee akiitikia na Bi Eulalia akikosea maneno kwa kilio. Juu ya dari ilisikika mashine ya fundi. Kila ilipozunguka, Ninoska aliinua sauti ya Salamu Maria kidogo.

Vijana wawili wa gari la wagonjwa wakaja na kiti cha kushushia ngazi. Walipomtoa mzee, Ninoska alitangulia kufungua mlango, na hapo kwenye ngazi akakuta sanduku lake, mfuko wa viatu, na shali ya marehemu imekunjwa juu. Fermín alisimama kando, funguo mpya mkononi, macho mekundu.

"Vyote viko hapo," alisema. "Sikutupa kitu. Na shali nimekuwekea." Alisubiri. "Hata mimi sijapata nafasi ya kulia, Ninoska."

Ninoska aliketi juu ya sanduku. Alijifunika uso kwa ile shali, ambayo bado ilinuka krimu ya mgongo aliyompaka Bi Presen kila jioni, na kilichomtoka hakikuwa kilio, ilikuwa kwikwi kavu ya mtu aliyemeza maji. Miaka miwili, miezi minane, wiki tatu na ushee. Alijaribu kusali, akapata neno moja tu, Mama, na hakujua anamwita yupi. Wanawake wa ngazi walitazama ndara zao.

"Simameni," mzee Blas alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Mzee, tumechelewa," kijana mmoja alimwambia.

"Mimi nimesubiri kupasuliwa miezi saba. Nyie subirini dakika moja." Alikuwa amefungwa mikanda kifuani kama mtoto. "Eulalia! Kesho nani atampeleka Bikira kwa watu wa tarehe kumi na sita?"

"MIMI!"

"Wewe tangu asubuhi utakuwa hospitali na mimi. Visi, lete kasha. Nisomee nyuma, tarehe kumi na nne."

Bi Visi alilitoa kasha ndani, akaligeuza, akatafuta miwani kifuani. "Tarehe kumi na nne. Presentación Lahoz..." Akaifuta miwani.

"Endelea."

"...na Ninoska." Alisogeza kasha karibu na jicho. "Kwa penseli. Huu mwandiko ni wa Presen, ona unavyotetemeka. Mimi ndiye mwangalizi, na sikuwahi kuuona."

Hata Ninoska hakuwa ameuona. Alishusha shali usoni.

"Yumo kwenye orodha yetu," mzee alisema, "na sisi tumesimama tunamtazama kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Na mimi ni mmoja wenu. Miezi yote hii nimemsikia juu ya kichwa changu akimtembeza Presen ujia mzima, kwenda na kurudi, sikupanda hata siku moja kusema pole." Pumzi ilimkatika, akaisubiri irudi. "Binti, una hiyo karatasi?"

"Ninayo, mzee."

"Eulalia asibaki peke yake usiku. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi, kuliko kisu. Utakaa naye, na kesho umpeleke Bikira?"

"Nitakaa naye."

"Mzee, tafadhali," kijana wa gari alisema, lakini hakukisogeza kiti.

"Sasa nyamazeni. Nasema kwa nguvu ili Eulalia asikie, na nyie wote ni mashahidi. Na wewe, Fermín. Na wewe fundi, weka chini hiyo mashine." Aliinua mkono ambao vijana wa gari walikuwa wameutia mrija wa sindano. "Mimi, Blas Gascón, mbele ya Bikira huyu naahidi: nikirudi au nisirudi, Ninoska ataandikwa kwenye nyumba yangu wiki hii hii, na jina lake halitatoka humo mpaka atakapolitoa yeye mwenyewe. Eulalia, umesikia?"

Bi Eulalia alikuwa ameshika mpini wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia mara ya kwanza," alisema. "Na mimi naahidi."