Miguu ya Kuku na Leso

Mimi hasira yangu iko karibu, sikatai. Siku ya nne baba mkwe wangu aliporudisha sahani karibu ilivyokuja, nilienda nyuma ya nyumba nikapiga debe teke. Kumbe lilikuwa limejaa maji. Niliumia kidole.

Mzee alikuwa ametoka hospitali. Daktari alisema dawa zake zinataka tumbo lililoshiba, na asiishi peke yake. Ndipo tukamtoa kwao Kisii tukamleta hapa Sosiot, kwenye kishamba chetu cha majani chai. Sasa alikuwa anasema Ijumaa anarudi nyumbani. Kwa nani? Mama mkwe tulishamzika. Huko angekufa, na nisingejisamehe, kwa sababu jamaa zake walipomkataza mume wangu Masese asioe Mkipsigis kama mimi, ni yeye alisimama akasema, "Huyu ni binti yangu, maneno yameisha." Nampenda yule mzee. Ndiyo maana nilikasirika.

Kila mlo nilikuwa naketi naye mezani, namkazia macho. "Baba, kula hiyo nyama."

"Asante, mama, nimeshiba."

Ameshiba nini? Hewa?

Jumatano nilimpigia simu Masese, anayeendesha lori la majani huko Merigi. Nikamlilia.

"Ngoja," akasema. "Unaketi naye meza moja?"

"Sasa nimwache kama mgeni asiyetakikana?"

"Ai, Chepkemoi! Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wakila. Ni chinsoni, heshima yenyewe. Atatafunaje mbele yako?"

Miaka sita ya ndoa! Tukienda kwao nilikuwa nakula jikoni na Mama, nikadhani ni mazoea yetu wanawake tu. Nilimwambia Masese maneno ambayo siwezi kurudia, halafu nikamuuliza babake anapenda chakula gani.

"Miguu ya kuku. Pilipili nyingi. Mama ndiye alikuwa anampikia."

Nikashuka sokoni kwa Rodah, muuza kuku. Aliposikia nataka miguu ishirini akacheka. "Umefuga mbwa wangapi?"

"Hesabu miguu, Rodah, wacha mdomo."

Nilibabua miguu juu ya makaa mpaka ile ngozi ya manjano ikafura, nikaimenya ingali moto, nikakata kucha. Nikaichemsha na tangawizi na chumvi kwa muda wa karibu saa mbili. Kisha nikakaanga kitunguu, saumu na nyanya, nikatia pilipili sita za kukatakata, nikarudisha miguu na supu yake. Mchuzi ukawa mzito, unanata kwenye mwiko. Nilipiga chafya mpaka ng'ombe akageuka kuniangalia.

Lakini kula peke yake nako sikutaka. Yule ni mtu wa mazungumzo, na nyumba yenye kimya ndiyo iliyomwangusha kule kwao. Nilikaa nikafikiri. Mwisho nikafunga kamba ukuta hadi ukuta, kati ya meza na mlango wa jikoni, nikatundika leso yangu kubwa ya kujifunga. Nikamwekea bakuli na ugali wa wimbi, nikarudi upande wangu na bakuli langu, nikaketi kwa kigoda.

"Baba, karibu. Niko huku. Sikuoni, na wewe hunioni."

Nikaanza kuhesabu moyoni, na hasira ikaanza kupanda tena. Nikasema huyu mzee akikataa na hii, mimi nimeshindwa, aende.

Mara nikasikia, fyoo! Mfupa ukaanguka kwenye sahani. Fyoo tena. Akakohoa kwa pilipili, akavuta makamasi, akaendelea. Nilifurahi mpaka nikalia. Na mimi nikachukua mguu wangu nikaufyonza kwa sauti, bila aibu, tukawa tunajibizana na mifupa.

"Mama," akaita.

"Baba."

"Pilipili umeogopa."

Pilipili sita! Pua yangu ilikuwa inatiririka. "Nitaongeza, Baba. Dawa je?"

"Nimeshika hapa. Nameza sasa hivi." Nikasikia gilasi ikiwekwa mezani. Halafu bakuli likasukumwa polepole sakafuni chini ya leso, likaja mpaka miguuni pangu. Lilikuwa tupu, limefutwa kwa ugali.

Nikalijaza, nikalirudisha kwa njia hiyo hiyo.

"Na Ijumaa," akauliza, mdomo umejaa, "Ijumaa utatupikia nini?"