Ukerewe, Barabara ya Ruangwa

Jumamosi asubuhi Mwalimu Ladislaus alifunga vyuma vya hema kwa mpira nyuma ya pikipiki yake, akatoka Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, kwenda kumchukua mke wake, Aneth, huko Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea. Turubai la hema lilikuwa kwa mke. Walipopangiwa kazi baada ya harusi, yeye shule ya huku na Aneth zahanati ya kule, waligawana hema hivyo ili asiwepo wa kulala humo bila mwenzake.

Hema lenyewe walilinunua Nansio wakiwa wachumba, kwa ahadi kwamba wangekizunguka kisiwa chao cha Ukerewe, mbali kule kaskazini ziwani, na kulala ufukweni popote jua litakapowazamia. Hawakukizunguka. Mwalimu hupata likizo Juni, nesi hupewa yake mwezi ambao mwalimu anasahihisha mitihani. Ombi lao la kuhamishiwa sehemu moja limekaa ofisini mpaka maofisa wanaolishughulikia wamehamishwa mara kadhaa, tena pamoja na wake zao.

Safari hii Aneth alipewa Jumamosi na Jumapili tu. Walikubaliana walale popote njiani na kujifanya wako Ukerewe. Hamu ikimzidi mtu hufanya kinachowezekana, na hilo liliwezekana.

Wakirudi wote wawili kuelekea Ruangwa, walipomaliza mashamba ya ufuta, ziwa la kwao lilikuwa upande wa kushoto, mahali ambapo asubuhi halikuwepo. Lilianzia kwenye mikorosho ya mwisho na halikuwa na ng'ambo. Kulikuwa na mawe makubwa yaliyobebana, ndege mnandi waliokausha mabawa, na dagaa walioanikwa mchangani. Ladislaus alipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Aneth alionyesha nyumba moja, akasema pale ni kwa kina mama yake, ila wamebadilisha bati.

Wakati wanasimamisha hema, Bibi Zaina, mwenye shamba la jirani, alikuwa ameshafika na ndoo. Walimwamkia. Aliyaonja maji ya ziwa.

"Mmekuja nayo ninyi?"

"Ndiyo, bibi," alisema Ladislaus.

"Mngekuja jana, kabla sijanunua maji."

Akauliza watakaa mpaka lini. Aneth akamweleza kwamba kesho anarudi Mkotokuyana kwenye zamu, mwenzake anarudi Chinongwe. Bibi Zaina alitua ndoo.

"Mume na mke mnaonana njiani? Kwani mmefanya kosa gani?"

Aneth alitaka kulia, akaosha sufuria.

Jioni walikula ugali na dagaa, miguu ikiwa majini. Aneth aliegemea bega la mume wake.

"Ladi, nimechoka kukukumbuka," alisema.

"Na mimi."

Jumapili waliufuata ufukwe kwa pikipiki, wakapita vijiji vya kwao, Bukindo, Murutunguru, Rugezi, na kote huko walikuta watu wa Ruangwa wanafua. Walizunguka kisiwa kizima wakatokea tena kwenye hema lao. Ilikuwa safari nzuri kama walivyoahidiana, na kwa sababu hiyo kulikunja hema kuliwauma zaidi. Aneth alichukua turubai, Ladislaus akachukua vyuma.

Wiki iliyofuata ofisa mmoja wa uhamisho alipita pale kwa gari, akaliona ziwa, akasimama kunawa uso. Aliwapigia simu wote wawili. Aliwaambia kwa upole kwamba, kwa kuwa kwao kumewafuata kazini, ombi la uhamisho limefungwa, na likizo ya kwenda Ukerewe haina sababu tena.

Ziwa bado lipo. Bibi Zaina amepanda mchicha kando yake na anausifu. Jumamosi ambazo Aneth yuko zamu, Ladislaus huja peke yake, husimamisha vyuma vitupu mchangani, huinama kama mtu anayepita mlangoni, akaingia na kukaa upande wake, akiacha nafasi ya mtu mmoja.