Makasha Mawili na Sikio Moja

Sikio langu la kushoto lilikufa siku ya Jumanne, kabla ya chai. Niliamka nikadhani limeingia maji, nikajipiga kichwa kwa kiganja kama mtu aliyetoka kuogelea. Wapi! Daktari wa masikio alinichungulia kwa kijitaa chake, akasema hilo limekwisha, na la kulia nalo limeanza kufifia polepole. Nikamuuliza litanifikisha wapi. Akainua mabega. Labda miaka mitano, labda kumi. Mtu kasoma miaka yote ile, halafu anakuinulia mabega!

Hayo yalitokea miaka mitatu iliyopita, na sikumwambia mtu. Mimi ni fundi saa. Saa naisikiliza kwanza ndipo naifungua, na mteja akijua fundi wake ana sikio moja atakwenda kwa mwenye mawili. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilimwogopa mke wangu. Si ugomvi wake, huo nimeuzoea. Niliogopa huruma yake. Ni mwalimu wa chekechea huyo. Akishaanza kukuhurumia atakuvalisha mpaka soksi.

Basi nikaficha. Jioni tunakaa sebuleni, yeye kwenye kiti chake kushoto kwangu, mimi na gazeti langu. Akisema neno naitikia "sawa kabisa," na kwa kuwa uso wake ulionekana kuridhika, nikajiona mjanja wa wajanja. Kweli, mambo mengine yalinishangaza. Siku moja nilirudi nikakuta chumba cha kulala kimepakwa rangi ya waridi. "Si ulikubali mwenyewe?" Mama mkwe akaja na masanduku manne, akakaa miezi mitatu. "Si ulikubali mwenyewe?" Nikajikuta mwamuzi wa mbio za magunia za chekechea, nimevaa fulana ya njano yenye picha ya bata. Nilikuwa nimekubali mwenyewe. Ningesema nini?

Kilichonitesa zaidi ni muziki. Napenda jazi ya zamani tangu ujana. Nina santuri mia na ushei kwenye rafu, na nyumbani nazisikiliza kwa hedifoni, maana mwalimu aliyeshinda na watoto thelathini hataki kusikia hata kijiko kikianguka. Sasa wale waliorekodi santuri zangu waliigawa bendi mapande mawili: kinanda kushoto, ngoma kulia. Kwangu kinanda kikapotea kabisa. Ikawa nimebaki na mpiga ngoma peke yake, anatwanga tu kama mtu anayekung'uta mazulia.

Ndipo Jumatano moja nikapita dukani kwa Kanda. Tunamwita hivyo kwa sababu alianza kwa kuuza kanda, ingawa leo anauza santuri kuukuu na vumbi lake. Aliponiona tu akafunga mlango.

"Fundi, kaa chini. Kuna bwana anahamia kwa binti yake, hana pa kuyaweka makasha haya."

Mezani palikuwa na makasha mawili, kila moja kubwa kama sanduku la kuwekea mashuka. Jekundu lilikuwa la mpuliza tarumbeta, kila alichorekodi ujanani, santuri thelathini. Jeusi lilikuwa la bendi kubwa yenye mwimbaji wa kike, santuri ishirini na nane.

"Kila kitu kimo," Kanda akasema. "Hata walipokosea wakaanza upya. Wimbo mmoja utausikia mara tano."

Akanivisha hedifoni. Nikasikia tarumbeta. Halafu kinanda. Halafu ngoma, besi, mtu anakohoa, wote, wote ndani ya sikio langu moja! Nilishika meza.

"Enzi hizo kipaza sauti kilikuwa kimoja," Kanda alinieleza baadaye. "Wanajipanga wote kukizunguka. Huyo wa tarumbeta walikuwa wakimsukuma mpaka mlangoni kwa makelele yake. Kinachokwenda kulia ndicho hichohicho kinachokwenda kushoto."

Nilivua hedifoni nikamwambia vumbi la duka lake limeniingia machoni.

"Lakini uamue upesi," akasema. "Kuna mwenye mkahawa anakuja Jumamosi mchana. Anataka majalada ayabandike ukutani."

"Na santuri zenyewe?"

"Anasema ataziweka chini ya glasi."

Toba! Nilirudi nyumbani mbio. Pesa ilikuwapo, nilikuwa nimeuza saa ya mnara mdogo niliyoihangaikia mwaka mzima. Tatizo lilikuwa sheria ya nyumba yetu, aliyoitunga mwalimu na kuipitisha mwalimu: kikiingia kitu, kitoke kitu.

"Makasha mawili?" akasema nilipomweleza, na kwa bahati alikuwa amesimama mbele yangu. "Yaingie. Utoke wewe."

"Mama watoto, nisikilize kwanza."

"Una santuri mia. Umezimaliza? Sasa unataka nyingine, zenye mikwaruzo, wimbo mmoja mara tano, na mara nne wamekosea! Wanangu pale shuleni wanakosea bure, njoo uwasikilize." Akajifunga mikono kifuani. "Haya. Nipe sababu moja. Moja tu ya maana, na nitakubali."

Sababu nilikuwa nayo, tena moja. Ilikuwa imenikaa kooni, lakini kuitoa ni kutoa na siri ya miaka mitatu.

"Ni... ni historia," nikasema.

"Historia," akarudia, kwa ile sauti anayowapa watoto wanaosema daftari limeliwa na mbuzi.

Alhamisi na Ijumaa sikufanya kazi ya maana. Nilimrudishia mteja saa yake ikiwa na mshale mmoja. Jumamosi asubuhi nililala kifudifudi na futi kamba, napima uvungu wa kitanda, nikaona kasha moja litaingia tukiondoa viatu vya mama mkwe alivyovisahau kwa makusudi. Nikajipangusa, nikaenda kunywa chai. Mke wangu alikuwa kitini kwake, kushoto. Niliona midomo yake ikicheza.

"Sawa kabisa," nikamwitikia.

Akaweka kikombe chini. Akainuka, akazunguka nyuma yangu, akainama kwenye sikio la kulia.

"Nimekuuliza," akasema, "nikumwagie chai hii kichwani sasa hivi, au isubiri ipoe kidogo. Umekubali."

Niligeuza kiti nikamtazama.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Kila mwaka napata mtoto mmoja asiyesikia upande mmoja, anayegeuza kichwa kama kuku aliyeona punje. Nikasema atanieleza mwenyewe. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nikaona kumbe bwana mkubwa anajitia hamnazo. Basi na mimi nikajinufaisha."

"Ile rangi ya waridi..."

"Niliinong'ona."

"Na mama yako?"

"Huyo nilimtaja kwa sauti ndogo hata mimi mwenyewe sikujisikia."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani, naye akaangua kicheko akashika kiti. Na katika kucheka huko ulimi ukafunguka, nikamwambia yote: kipaza sauti kimoja, tarumbeta mlangoni, na sikio la kulia linalofifia. Hapo akaacha kucheka. Hilo la kulia alikuwa hajui.

"Miaka mingapi?"

Nikainua mabega, kama yule daktari.

Nilingoja huruma, nilingoja soksi. Haikuja.

"Kwa hiyo ulikaa," akasema, "ukajua una kusikia kwa miaka michache tu, ukaamua kuigawa yote kwa wapuliza tarumbeta. Santuri hamsini na nane. Mimi umeniwekea fungu gani?"

Niliona aibu, naisema wazi. Siku tatu nilipima uvungu, rafu, nyuma ya mlango, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine mle ndani mwenye sauti.

"Nenda kachukue," akasema akikusanya vikombe. "Kasha moja."

"Na la pili?"

"La pili ni mimi. Miaka mitatu nimeongea na sikio bovu. Unadhani ni rangi na mama tu? Kuna mambo niliyasema pale kwa sababu nilijua hayatafika."

Dukani nilishika jekundu, nikaliacha, nikashika jeusi, nikarudi kwa jekundu. Kanda akanionea huruma akasema yachukue yote, utamalizia ukipata.

"Jingine ninalo nyumbani," nikamwambia.

Akatoa macho. "Hilihili? Umelipata wapi?"

"Ninalo miaka ishirini na sita."

Nikamwapisha amshawishi yule wa mkahawa apige santuri angalau moja kabla ya kuiwekea glasi, nikaondoka na jekundu langu begani, shingo upande, nimegeuka nyuma mara tatu.

Nilipofika, kiti chake kilikuwa kimehamishiwa kulia. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Niliweka kasha chini bila kukata kamba yake.

"Kaa," akasema. "Tunaanza. La kwanza: ile saa ya babu yako niliiangusha mimi."

"Nilijua."

"Hukujua. Ulimfukuza paka wa jirani." Akavuta pumzi. "La pili: mwanetu alipohama, ile furaha yote ilikuwa ya uongo. Nililia njia nzima ya kwenda shuleni, wiki mbili. Watoto waliniuliza kama nimenyimwa uji."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"La tatu. Mwaka jana nilipata uvimbe hapa, chini ya kwapa. Nikaenda kupimwa. Usitoe macho, majibu yalikuwa mazuri. Lakini zile siku tisa za kuyasubiri, kila jioni nilikaa hapo kushoto nikakuambia naogopa. Sikutaka ulibebe, nilitaka tu kulisema kwako. Na wewe, na gazeti lako, kila jioni ukaniambia sawa kabisa."

Saa zangu zote ukutani zilikuwa zinatembea. Nilimgeukia mzima mzima, nikamwekea sikio langu karibu na mdomo.

"Rudia," nikasema.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Rudia toka mwanzo."

Akarudia. Alipomaliza nikamwambia tena, na tena, mpaka mara ya tano, nimemshika mkono. Kasha jekundu lilikaa pale chini na kamba yake mpaka Jumatatu.