Herufi T ya Mjane

Shemeji mtu aliingia chumba cha wahariri akichekacheka, na mjane wa kaka yake akasema moyoni: cheka tu, zamu yako inakuja.

Kamusi ile ya Kiingereza kwa Kiswahili ilikuwa jasho la marehemu mumewe. Alipokuwa mahututi, alimshika mdogo wake mkono, na huyo mdogo akaapa, machozi yakimlengalenga, kwamba jina la kaka litabaki kwenye jalada. Alipokalia kiti cha mhariri mkuu, akaweka lake peke yake. Eti wachapaji ndio walioamua. Uongo mtupu! Mjane alimchukia hadi chai ikawa chungu mdomoni. Lakini hakugombana naye. Aliomba tu apewe herufi T aiandike yeye.

Ofisini hapo kila ukurasa ulisomwa kwa sauti na mhariri mkuu, mbele ya wote, kabla ya kupelekwa mtamboni. Akiona kosa, sharti alitaje. Asipolitaja, ukurasa umepita. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu mwenyewe.

Shemeji akasafisha koo.

“Tergiversate. Kitenzi. Asili yake Kilatini: tergum, mgongo, vertere, kugeuza. Maana: kukwepakwepa, kuusaliti upande uliokuwa ukiuunga mkono.” Akainua macho. “Safi sana, shemeji.”

“Soma na mfano.”

“Mfano: Alimwapia kaka yake mahututi kwamba jina lake litabaki kwenye jalada, udongo wa kaburi haujakauka, akageuza...”

Akaushusha ukurasa. Msomaji prufu akaacha kutafuna kalamu. Alikuwepo hospitalini siku ile ya kiapo, na wenzake wawili pia.

“Shemeji,” mhariri mkuu akanong'ona, “huu mfano tuufute.”

“Kosa liko wapi? Litaje, tulisahihishe.”

Kulitaja kosa ilikuwa ni kujitaja. Jasho likamchuruzika hadi kwenye kola, na mjane akamtazama bila kupepesa macho, roho yake kwatu.

“Hakuna kosa,” akasema mwishowe.

“Basi malizia.”

“...akageuza mgongo.”

Ukurasa ukapita. Wengine walipotoka, shemeji akabaki ameshika kiti.

“Nimekoma, shemeji. Jina la kaka nalirudisha kwenye jalada leo hii. Sasa niondolee ule mfano.”

Mjane akakusanya karatasi zake taratibu.

“Jina lilikuwa haki yake,” akasema. “Mfano ni wangu.”