Karatasi ya Stamen

Haya nilisimuliwa na Zdravka mwenyewe Jumapili iliyopita, tukichambua maharage jikoni kwangu. Alisimulia kainamia sinia, hakunitazama hata mara moja.

Asubuhi ile alishuka kwenye tramu pale uwanjani, katikati ya Sofia, kapakata bakuli la ngano ya kuchemsha lililofungwa kitambaa, na karatasi za tanzia mfukoni. Mwaka ulikuwa umetimia tangu mumewe, Stamen, afariki. Kwa desturi ya kwao, karatasi hiyo hubandikwa pale marehemu alipojulikana; ina picha yake na jina, na inaita watu waje kula ngano. Anayekula husema, "Mungu amsamehe." Mjane hajisemei neno hilo, sharti litoke kinywani mwa mtu mwingine. Bila hilo, ngano ni ngano tu.

Kule ghorofani alikohamia, pembezoni mwa mji, hakuna aliyemjua Stamen. Hapa uwanjani ndipo alipoisugua sanamu ya mpanda farasi miaka thelathini na mmoja, akikwangua mavi ya njiwa kwa brashi na maji ya moto. Yeye na Zdravka walikuwa wapangaji kwenye nyumba ya kona ya uwanja. Sasa ni hoteli, mlango wa kioo, haubandikwi kitu.

Basi akabandika kwenye nguzo ya taa. Gundi haijakauka, akafika askari wa uwanja, kijana aitwaye Yavor.

"Bibi, bandua hiyo."

"Nguzo hii inabandikwa marehemu tangu wewe hujazaliwa."

"Hiyo ilikuwa zamani. Uwanja umekarabatiwa, amri imetoka. Wageni wanakuja kupiga picha hapa."

"Na aliyekuwa akiwasafishia hicho wanachokipiga picha?"

"Usinitie matatani, bibi. Mkubwa wangu ananiona kwenye kamera ile."

Yavor akaibandua mwenyewe, taratibu, asiichane, akamrudishia. Kisha akamwandikia barua ya onyo, maana kamera ilishaona.

Zdravka akaketi kwenye benchi chini ya farasi. Akachomoa pini mbili kwenye pindo la sketi, akaipachika karatasi kifuani, juu ya koti lake jeusi.

Yavor akarudi mbio. "Na hiyo je?"

"Hili koti langu. Haya, liandikie onyo na koti."

Kijana akakuna kichwa, akaenda zake.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Muuza maua aliyemjua Stamen alikuwa ameshaondolewa, kibanda chake sasa kinauza simu. Waliosimama ni wageni, wakampiga picha yeye na farasi nyuma yake. Stamen akaingia kwenye simu za watu wasioweza kusoma jina lake. Kila mmoja Zdravka alimnyooshea kijiko cha ngano, nao wakatabasamu kwa haya, wakaondoka.

Jua likielekea kuzama Yavor akatokea, ameshavua ile fulana ya kung'aa.

"Zamu imekwisha. Ngano imebaki?"

"Imebaki yote, mwanangu."

Akala amesimama, akakomba kijiko. Akainama kusoma karatasi kifuani. "Mungu amsamehe... Stamen."

Zdravka akalifunga bakuli kitambaa. "Na onyo langu?"

"Limeshaingia kwenye kompyuta, bibi. Mimi siwezi kulifuta. Ukija tena na karatasi, watakutoa."

Nyumbani akalitundika koti msumarini na karatasi yake, akaligeuza litazame kitanda. Akalala upande wa ukutani alikozoea, akaiacha ile nafasi nyingine wazi.