Gitaa Lililokamwa

Asubuhi ya Jumanne Komora alikuwa ameketi juu ya mtumbwi mbovu nyuma ya nyumba yake, akijaribu kukipeleka kidole cha pete mahali kwenye nyuzi za gitaa ambapo Bwana Hemli, mmisionari wa Kizungu, alisema ndipo pake. Kidole kilikataa. Mkewe, Tuneya, alikuwa akipepeta mpunga karibu naye, na kila gitaa lilipotoa sauti kama ya kijiko kikikwangua ukoko, aligeuza ungo upande mwingine, kama mtu anayeukwepa upepo.

Misheni ya Bandani ilikuwa chini kidogo ya Golbanti, kwenye kona ya Mto Tana ambapo Wapokomo walilima mpunga na mahindi na Waorma waliteremsha ng'ombe wao kunywa maji. Ilikuwa miaka michache baada ya sotoka kupita na kumaliza mifugo. Gitaa lilikuwa la mke wa Bwana Hemli. Homa ilipomrudisha kwao Ulaya, aliliacha ukutani pamoja na kofia moja ya majani. Bwana Hemli mwenyewe hakujua kupiga wala kuimba, lakini aliamini kwamba ibada isiyo na chombo ni watu kupiga kelele kwa wakati mmoja. Akamteua Komora. Komora alikuwa mfasiri wake. Bwana Hemli alijua Kiswahili cha kwenye kitabu, Kipokomo na Kiorma hakujua hata neno, kwa hiyo kila lililosemwa Bandani lilipita kinywani mwa Komora kwanza. Akaona mtu anayebeba maneno yote hatashindwa kubeba na nyimbo.

Alimfundisha yale aliyoyaona kwa mkewe: mkono wa kushoto hubana, wa kulia hukwaruza, uso hutazama juu. Komora alianza na uso. Hilo alilimudu siku ya kwanza. Mikono ilikuwa shida. Ncha za vidole zilitoka malengelenge, zikapasuka, zikatoka tena, na jioni Tuneya alizipaka mafuta ya simsim akimwambia kwamba mababu zake walishika jembe maisha yao yote na hawakuwahi kuumia hivyo. Wimbo aliopewa ulikuwa mmoja tu, wa nchi ya mbali yenye maziwa na asali ambako wenye njaa watashiba. Hakuwahi kuufikisha mwisho.

Kisha panya wakala nyuzi tatu nyembamba, kwa sababu zilikuwa za utumbo. Zile nene zilizozungushiwa waya waliziacha. Bwana Hemli alisema si neno. Kwao nyuzi hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo, na wa ng'ombe hauwezi kuwa mbaya zaidi. Na utumbo wa ng'ombe ulikuwapo, kwa kuwa wiki ile ile alikuwa amechinjwa ng'ombe.

Ng'ombe huyo aliitwa Dima na alikuwa wa Gumato, mjane wa Kiorma. Sotoka ilimchukulia Gumato zizi zima ikamwachia Dima peke yake, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Kwa maziwa yake alikuwa akimlea mjukuu wake Barwako, mtoto wa kike ambaye mama yake alifia uzazini. Dima alikuwa akienda mtoni kwa njia ambayo ng'ombe wa Waorma waliipita tangu enzi, ile wanayoiita malka. Wakati wa masika, mifugo ikiwa mbali nyikani, Bwana Hemli aliiona njia hiyo ikiwa tupu, akaizungushia boma la miiba na kupanda kabichi. Kiangazi kilipofika Dima alirudi kunywa maji. Akaipita miiba, akasimama katikati ya kabichi, akala kadhaa kwa kuwa zilikuwa njiani.

Bwana Hemli aliamua kwamba ng'ombe ndiye fidia. Alichinjwa siku ya sherehe ya paa jipya la kanisa, na watu wote walikula. Komora alipewa ubavu. Gumato alisimama nje ya boma mpaka nyama ilipokwisha, kisha akaomba angalau ngozi. Komora alimfasiria jibu: ngozi ilikuwa tayari imewambwa kwenye kiti cha Bwana.

Utumbo aliushughulikia Komora mwenyewe. Aliuosha mtoni, akaukwangua, akausugua kwa majivu, akausokota na kuutandaza kati ya miti miwili juani. Ulipokauka akafunga nyuzi tatu, akazikaza, akaketi juu ya mtumbwi wake na kukwaruza.

Gitaa lililia kama ng'ombe.

"Huyo ni Dima," alisema Tuneya, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Komora alilegeza uzi kidogo, Dima akalia kwa sauti nzito zaidi. Akaukaza, akalia kwa sauti nyembamba, kama ng'ombe anayemwita ndama. Komora akaona kwamba sauti hii ndiyo inayokaribia ile ya wimbo, akaendelea na mazoezi.

Kabla ya adhuhuri Gumato alifika, akiifuata sauti, Barwako mgongoni. Mtoto alikuwa amekonda mpaka shingo ilionekana ndefu. Tangu Dima achinjwe alikuwa akinyweshwa maji yaliyokorogwa unga. Gumato alisimama akamtazama Komora jinsi alivyolikumbatia gitaa.

"Unamkaba," alimwambia. "Ng'ombe akikabwa haachii maziwa."

Komora akalegeza mkono. Gumato akachuchumaa, akaweka chombo chake cha maziwa kilichofumwa chini ya tundu la gitaa, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo aliokuwa akimwimbia Dima wakati wa kumkama. Haukuwa na maneno mengi. Ulikuwa unaenda na kurudi, kama mtu anayetembea kando ya mnyama wake bila haraka. Komora akaufuata kwa kidole gumba. Gumato alimwambia asikwaruze, avute, kwanza huyu kisha yule, na asimkazie macho. Kidole cha pete, ambacho mwezi mzima kilikuwa kimekataa, kikaenda mahali pake chenyewe. Ndipo maziwa yakaanza kutoka kwenye tundu, mwanzo tone moja moja, kisha yakashika mkondo, yakajaza nusu ya chombo, vuguvugu, yenye povu.

Barwako akanywa mpaka akalala. Tuneya alileta kitambaa akalikausha gitaa ili mbao zisiumuke. Hakuna aliyeuliza yametokaje. Kwa Waorma maziwa yakitoka huulizwa ni ya nani, na hilo kila mmoja pale alilijua.

Gumato akawa anakuja kila asubuhi. Komora alipiga, yeye akaimba na kukama. Kwa njia hiyo Komora akajifunza gitaa. Alijifunza kwamba mkono wenye hofu hutoa sauti kavu, na kwamba kituo kati ya sauti mbili nacho ni sehemu ya wimbo. Siku moja aligundua kuwa maneno ya Bwana Hemli kuhusu nchi ya maziwa na asali yanaingia vizuri ndani ya wimbo wa Gumato, mradi umeze neno moja katika mstari wa tatu. Akamwimbia. Gumato alisema maneno hayo hayamdhuru ng'ombe. Mashavu ya Barwako yakajaa, akaanza kuvuta nywele za watu.

Ikatangazwa kwamba Jumapili Komora atapiga gitaa kanisani. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakula vizuri. Tuneya alimtazama, akamwambia jambo lililokuwa la busara kuliko yote yaliyosemwa Bandani mwaka ule.

"Mume wangu, kesho piga vibaya."

Komora alielewa maana yake. Akipiga kwa ule ukwaruzaji wa zamani, Bwana Hemli atakunja uso, gitaa litarudi nyuma ya nyumba, na mtoto atapata maziwa yake. Alikubali. Alilala akiwa amekubali, akaamka akiwa amekubali. Lakini aliposimama mbele ya watu, wote kimya, wakiwamo wale waliokuwa wakimcheka kwa malengelenge yake, mikono yake haikukumbuka tena namna ya kukosea. Au ilikumbuka, naye hakutaka. Alivuta uzi wa kwanza, taratibu. Dima akalia. Watu wakaitikia kwa sauti iliyopanda mpaka kwenye paa jipya. Katika ubeti wa pili maziwa yakatoka, yakateremka kwenye suruali ya Komora, yakaenea sakafuni mpaka chini ya mabenchi ya mbele.

Bwana Hemli aliagiza sufuria iletwe. Ibada ilipofika kwenye mahubiri aliacha aliyokuwa ameyaandaa, akahubiri juu ya nchi ya ahadi. Baadaye alichovya kidole kwenye sufuria, akaonja, akasema ni mazuri ila yachemshwe. Alikunywa na chai. Tangu siku hiyo gitaa likalala nyumbani kwake, kwenye kiti cha ngozi, na hapo halikuacha kuguna usiku kucha. Asubuhi Bwana Hemli alilalamika kwamba unyevu wa Tana ni mbaya kwa vyombo vya muziki.

Jumatatu Gumato hakumkuta Komora kwenye mtumbwi. Akaenda moja kwa moja kwenye baraza ya Bwana Hemli, mtoto mgongoni, chombo mkononi.

"Mwambie anirudishie ng'ombe wangu," alimwambia Komora.

Komora akafasiri. Bwana Hemli alisikiliza kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mkali, akajibu kwa marefu. Alisema shauri la ng'ombe lilikwisha, kwa kuwa ng'ombe alikula kabichi na watu wakamla ng'ombe. Gitaa lilitoka Ulaya kwa meli na halikuhusika. Ama maziwa, hayo yalikuwa baraka, na baraka ikishuka kanisani ni ya kanisa.

"Maziwa ni yake, Bwana," alisema Komora.

Bwana Hemli akauliza ni nani aliyesema hivyo, Gumato au Komora. Komora akasema ni Komora. Bwana Hemli akamkumbusha bila hasira kwamba kazi yake ni kufasiri, na kwamba yapo mashamba mengi ya mpunga yanayongoja watu wasiojua kazi yao. Komora akatazama miguu yake.

Hata hivyo, aliendelea Bwana Hemli, mtoto hana kosa. Kila Jumapili atapewa kikombe kimoja cha maziwa, mradi bibi yake ahudhurie ibada tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Gumato alimgeuza Barwako kutoka mgongoni, akamtazama uso, akamrudisha. Akakubali.

Basi Jumapili iliyofuata aliketi kwenye benchi la nyuma. Mwisho wa ibada aliitwa mbele, Bwana Hemli akampa kikombe kwa mikono miwili. Gumato alikipokea, akasema kwa Kiorma, kwa sauti ya kawaida, "Bado hujanirudishia ng'ombe wangu."

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Hemli.

Kanisa lote lilimtazama Komora. Wapokomo wa Bandani walizaliwa ng'ambo moja na Waorma na walikijua Kiorma kama walivyojua kina cha mto. Komora alihisi vidole vyake vikiuma tena.

"Anasema anashukuru," alisema.

Bwana Hemli aliguswa sana. Jumapili ya pili Gumato alisema yale yale, na ya tatu vilevile, hata Bwana Hemli akayazoea kwa sikio, akaanza kuyangoja. Tuneya hakuzungumza na mumewe kwa siku kadhaa. Alipozungumza ilikuwa ni kumwambia kwamba gitaa sasa analipiga vizuri sana.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Dadacha, kaka yake Gumato, alikuja na wazee wenzake kuomba malka ifunguliwe, kwa sababu ng'ombe wachache waliobaki walilazimika kuzunguka hadi kivuko cha mbali, na huko mamba walikuwa wakiwakamata ndama. Bwana Hemli aliwaombea. Lakini ng'ombe hao walikuwa pia na tabia ya kukusanyika nje ya boma kila Jumapili, wakimsikiliza Dima, wakimwitikia katikati ya sala. Kwa hiyo aliagiza boma liongezwe mpaka upande wa pili wa kanisa, ibada isisumbuliwe. Miiba ilikatwa na waumini, Komora akiwa mmoja wao.

Wimbo ulienea. Watu walipanda mtumbwi kutoka vijiji vya juu kuja kuusikia. Mwaka huo wakaja wageni watatu wa Kizungu, wakubwa wa Bwana Hemli, naye akataka waone matunda ya kazi yake. Alisema shukrani ya yule mama ni nzuri mno kusemwa na mtu mmoja. Kuanzia sasa kanisa zima litaisema pamoja baada ya wimbo wa mwisho, kwa lugha yake mwenyewe. Akamwomba Komora awafundishe watu maneno. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha.

Jumapili hiyo Komora alipiga kuliko alivyowahi kupiga. Maziwa yalijaza sufuria mbili. Gumato alipokea kikombe chake, akampa Barwako, ambaye sasa alisimama kwa miguu yake mwenyewe na kunywa bila kumwaga. Kisha watu wote wakasimama, wanaume upande huu na wanawake upande ule, wakamkabili Bwana Hemli. Kwa sauti moja, Tuneya akisikika kuliko wote, wakamwambia kwa Kiorma kwamba bado hajamrudishia Gumato ng'ombe wake. Bwana Hemli alifumba macho, akainamisha kichwa.

"Amina," alisema.

Wageni walisema hawajaona kanisa lenye shukrani kama lile. Desturi hiyo inafuatwa Bandani kila Jumapili, na boma la miiba hutengenezwa upya kila baada ya masika.