Mwenyekiti Ametoka Nje

Profesa Kasiva Mbithi alikuwa amefundisha sheria Nairobi miaka thelathini na moja, na kwa muda huo wote hakukosa mkutano wa kuhudhuria. Alikuwa kwenye bodi ya hospitali, kamati ya nidhamu ya mawakili, na jopo la kurekebisha sheria za ardhi. Kwa hiyo watu wa kwao Kasikeu walipochimbiwa kisima na kuhitaji kamati ya maji, hawakuhangaika kutafuta mwenyekiti. Walimpigia simu, naye akakubali.

Mkutano wa tatu ulifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Swali lilikuwa moja: tangi kubwa lijengwe wapi? Fundi alikuwa amependekeza sehemu mbili, karibu na soko au kilimani kwa Mwangangi. Huyo Mwangangi alikuwa kaka yake Kasiva, wa tumbo moja.

Kasiva akafunga daftari lake. "Hapa mimi natoka. Sehemu moja ni ya ndugu yangu. Mwalimu Muthoki ataongoza, na iandikwe kwamba nimetoka."

"Lakini Profesa," mzee Jonah akasema, "si tulikuita kwa sababu unayajua haya mambo?"

"Ndiyo maana natoka, mzee."

Alikaa nje karibu saa nzima. Mwanzoni sauti ya Muthoki ilikuwa ikitetemeka, kisha ikaimarika. Walipomwita walikuwa wameamua: sokoni. Watu ni wengi huko.

Alipofika kwa kaka yake kula chakula cha mchana, habari ilikuwa imemtangulia. Mwangangi alikuwa ameketi uani akiambua mbaazi. Alimwitikia salamu bila kuinua kichwa.

"Kasiva, umekaa kwa vikao vya watu miaka thelathini," akasema. "Changu kimoja tu, ukatoka."

Jambo hili alikuwa amelifundisha darasani mara nyingi kupita kiasi, na majibu yake alikuwa nayo. Badala yake akavuta kigoda, akaketi.

"Kwani tangi ulilitakia nini hapa, kaka?"

Mwangangi akatazama mlango wa jikoni. Ndila, mkewe, alikuwa akitoka polepole, mkono mmoja ukishika ukuta.

"Magoti yake. Hawezi tena kukipanda hiki kilima na mtungi. Nabeba mimi, na mimi pia nazeeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza saa ngapi?"

Kasiva akasogeza kigoda karibu naye. Akachukua konzi ya mbaazi, akaanza kuambua.

"Iandikie kamati barua," akasema baadaye. "Eleza hivyo ulivyonieleza."

"Si uniandikie? Wewe ndiye wakili."

"Hapana. Nikiandika mimi, nitakuwa nimerudi ndani kupitia dirishani."

Mwangangi akataka kucheka, akajizuia.

Barua ilimchukua wiki mbili, kwenye karatasi za daftari la shule. Alipita kwa jirani yake Kyule na nyumba nyingine nne za kilimani, wote wakatia sahihi. Muthoki akaisoma mkutanoni, mwenyekiti akiwa nje tena. Kamati ikakubali bomba kutoka kwenye pampu ya kisima lipandishwe kilimani, mradi wenyewe wachimbe mtaro. Kasiva alipoletewa kumbukumbu alisahihisha tarehe moja tu, akatia sahihi.

Siku ya kuchimba iliangukia Alhamisi, siku ya bodi ya hospitali. Kasiva alikuwa ameshawaandikia: amewatumikia miaka tisa, watafute mwingine. Alifika Kasikeu mapema, akavaa gambuti za Ndila, akashika jembe. Kabla ya saa nne viganja vilikuwa vimefura malengelenge.

"Unalishika kama kalamu," Mwangangi akamwambia. Akamsogeza mkono wa kushoto chini ya mpini, akamwonyesha jinsi ya kuliachia jembe lianguke kwa uzito wake lenyewe.

Kufikia chakula cha mchana, mtaro ulikuwa umefika kwenye ua wa Kyule.